Kungwi wa benchi la ufundi

Opa Clement alipoitanguliza Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, dhidi ya Afrika Kusini kule Oujda, Morocco, Julai 11, 2025, kibanda tulimojazana hapa Magomeni, Mtwara, kililipuka. Nilishangilia na wenzangu mpaka koo likakauka. Kisha kila kamera ilipopita pembeni ya uwanja, nikawa namtafuta mama mmoja wa upande wa pili. Bambanani Mbane alisawazisha kipindi cha pili, mechi ikaisha 1-1, watu wakatoka wakibishana tulivyoruhusu lile bao. Mimi nilitoka na jina la Desiree Ellis, kocha wa Afrika Kusini, kichwani.

Nimemfuatilia kocha huyu kwa miaka, na kadiri ninavyomfuatilia ndivyo ninavyoona kwamba habari zake zinatuhusu sisi watu wa Kusini mwa Tanzania kuliko tunavyodhani. Vikombe vyake nitavitaja, maana huwezi kumzungumzia ukaviruka. Kinachonishika zaidi ni miaka kumi na minne ya katikati, ile iliyopita kati ya kuvua jezi na kukabidhiwa timu ya taifa. Huku kwetu, katika miaka ya namna hiyo ndimo mabinti wanamopotelea.

Ellis alizaliwa Machi 1963 huko Salt River, Cape Town, akajifunza mpira mtaani akicheza na wavulana. Alipofika umri wa kung'ara, nchi yake ilikuwa imefungiwa soka la kimataifa kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi, na ilirudishwa mwaka 1992 tu. Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya huko, ilicheza mechi yake ya kwanza Mei 1993 dhidi ya Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini, ikashinda 14-0. Ellis alikuwamo. Alikuwa na miaka 30. Huku kwetu mchezaji wa kike wa miaka 30 huwa ameshasahaulika zamani, ana watoto watatu, na akisema aliwahi kucheza mpira watu wanadhani anatania. Mwenzetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Na alianza kwa kulipa gharama. Safari ya timu ya taifa ilimkosesha kazi iliyokuwa inampa mshahara, akakaa muda mrefu bila ajira. Hata hivyo aliendelea, kiungo wa kati, baadaye nahodha, mpaka alipostaafu mwaka 2002 akiwa amecheza mechi 32. Mtu asiidharau hesabu hiyo. Timu za wanawake za Afrika wakati huo zilikaa miezi na miezi bila kuitwa kambini, kwa hiyo mechi 32 ni karibu miaka kumi ya maisha ya mtu, tena miaka ya kuomba ruhusa kazini na kulala njaa safarini ili ukacheze.

Sasa ndiyo tunafika pale ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 2002 Ellis angeweza kurudi nyumbani, akatundika picha ukutani, akaishia hapo. Wengi wa rika lake waliishia hapo, na siyo kwa kupenda. Yeye alibaki mpirani kwa kila mlango uliokuwa wazi. Alifundisha timu za wanawake huko kwao Cape Town. Alitangaza na kuchambua mechi. Kombe la Dunia la 2010 lilipokuja nchini mwao alikuwa miongoni mwa mabalozi wake. Vera Pauw, kocha kutoka Uholanzi, alipopewa Banyana Banyana mwaka 2014, Ellis akawa msaidizi wake, na wakaenda pamoja kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Pauw alipoondoka mwaka huohuo, Ellis akapewa timu kama kaimu. Akaipeleka Cameroon kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, wakamaliza nafasi ya nne. Ukaimu ukaendelea. Alithibitishwa mwaka 2018.

Nahodha wa zamani, msaidizi wa miaka miwili, mtu anayeijua timu tangu mechi yake ya kwanza, bado anakaimu zaidi ya mwaka. Nimefanya kazi ofisini nikaona wanawake wakikaimu vyeo mpaka wanazeeka navyo, kwa hiyo sikushangaa. Lakini nimejifunza jambo hapo. Ellis hakufika alipofika kwa sababu mtu mmoja mkubwa alimwonea huruma. Alifika kwa kuwa katika ile miaka kumi na minne hakukosa mahali pa kusimama karibu na mpira: leo timu ndogo ya mjini, kesho kipaza sauti, keshokutwa kiti cha msaidizi. Wazee wetu wanakumbuka kuvuka Rufiji kwa pantoni kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Pantoni ikiharibika unalala ng'ambo, hata kama mgonjwa wako yuko ndani ya gari. Mchezaji wa kike anayetaka kuvuka kwenda kwenye ukocha hata pantoni hana. Amesimama ukingoni anatazama maji.

Hapa Mtwara na Lindi, kwa kweli, hatuhitaji mtu wa nje atueleze thamani ya aliyepita njia. Mwali anapoingia ndani, awe Mmakonde, Mmwera au Myao, anaitiwa kungwi. Kungwi ni mwanamke aliyewahi kuwa mwali, aliyekaa ndani, aliyeogopa, aliyeimbiwa. Ndiyo maana neno lake linaingia. Hata mzazi, kwa mapenzi yote aliyonayo, anakaa pembeni na kumwachia. Sisemi haya kutetea kila kinachofanyika unyagoni. Kuna mabinti waliokatizwa masomo kwa ajili ya unyago, na wengine walioozwa mara tu walipotoka, na hilo nimelipinga miaka yote. Ninachokitazama ni kanuni iliyo chini yake: mwali hufundwa na aliyefundwa. Na lugha yetu inaunga mkono. Kufunda, kufunza, fundi, ufundi, yote ni ya ukoo mmoja. Tukisema benchi la ufundi tunasema, tukijua au tusijue, mahali pa kumfundia mwali.

Nenda sasa kwenye uwanja wowote wa shule, Newala au Nachingwea, uangalie timu ya wasichana. Anayewafundisha kwa kawaida ni mwalimu wa kiume, mara nyingi mtu mwema anayejitolea filimbi yake na jioni zake. Binti wa miaka 14 amekaa chini ya mwembe hataki kuingia mazoezini. Mwalimu anauliza kuna nini. "Tumbo, mwalimu." Mwalimu anaandika mtoro. Angekuwepo mwanamke aliyecheza, asingeuliza mara mbili. Angemwita pembeni, angekuwa na pedi kwenye mkoba, angemwambia siku ya kwanza tutembee tu, kesho utakimbia. Kwenye mashindano wasichana wanalala madarasani, kwenye magodoro yaliyopangwa sakafuni, na mama aliyebaki kijijini hana usingizi kwa kuwaza nani anawalinda. Nimewasikia akina mama wakisema wazi: kama kuna mwalimu wa kike anayekwenda nao, mwanangu aende, kama hakuna, abaki alime. Wakati mwingine kipaji cha msichana kinaamuliwa na jambo hilo moja, kabla hata hajagusa mpira.

Halafu kuna maneno. Binti wa Kusini anayecheza mpira ataitwa jike dume na shangazi zake mwenyewe. Kocha mwanaume anaweza kumwambia asiwasikilize. Kocha mwanamke hahitaji kusema. Amesimama pale ana mume au hana, ana watoto au hana, amejifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, na binti anaona kwa macho yake kwamba mpira haukumfanya mtu kuwa kitu kingine.

Nikirudi kwa Ellis, ndivyo ninavyoyasoma mafanikio yake. Mwaka 2018 kule Ghana alifika fainali ya Afrika, akatolewa na Nigeria kwa penalti baada ya sare ya 0-0. Mwaka 2019 akaipeleka Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza, Ufaransa, akapoteza mechi zote tatu. Mwaka 2022 Morocco, Thembi Kgatlana, mshambuliaji wake mkubwa, aliumia kano ya kisigino hatua ya makundi na mashindano yakaishia hapo kwake. Timu haikuyumba. Walishinda mechi zote sita, na kwenye fainali Rabat, Julai 23, mbele ya wenyeji, Hildah Magaia alifunga mawili, wakashinda 2-1. Afrika Kusini ilikuwa imepoteza fainali tano kabla ya hapo, na za mwanzo kabisa, mwaka 1995 na 2000, zilikuwa za kizazi cha Ellis mwenyewe. Shirikisho la soka la Afrika limemtangaza kocha bora wa timu za wanawake mara nne: 2018, 2019, 2022 na 2023.

Kwangu, hata hivyo, mtihani wake mkubwa ulikuwa Julai 2023, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Australia na New Zealand. Wachezaji wake waligoma kucheza mechi ya kuagana na mashabiki dhidi ya Botswana, wakilalamikia malipo na hali ya uwanja wa Tsakane. Timu ya kuokoteza ikaingizwa, ndani yake akiwamo mtoto wa miaka 13, ikafungwa 5-0. Mjadala ulikuwa mkali. Kocha hapo yuko katikati, mwajiri huku, wachezaji kule, na ndege inasubiri. Kocha wa aina nyingine angeweza kuwapoteza wachezaji siku ile na asiwapate tena. Lakini huyu ni mtu ambaye timu ya taifa ilimkosesha kazi miaka thelathini kabla. Alijua mgomo ule unatoka wapi bila kuhitaji kuelezwa, na wachezaji walijua kwamba anajua.

Tazama kilichofuata. Walifungwa 2-1 na Sweden, wakatoka sare ya 2-2 na Argentina baada ya kutangulia kwa mabao mawili, kisha wakaifunga Italia 3-2 kwa bao la Kgatlana katika dakika za nyongeza. Hakuna timu ya wakubwa ya Afrika Kusini, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kuvuka makundi ya Kombe la Dunia kabla ya hiyo. Uholanzi wakawatoa kwa 2-0. Timu iliyogoma mwezi uleule ilicheza namna hiyo. Siwezi kupima imani kwa mizani, lakini naamini imani ndiyo iliyowabeba, na imani ya namna ile huwezi kuijenga kambini kwa wiki mbili.

Najua nitakachoambiwa. Bakari Shime ni mwanaume, na ndiye aliyewapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Ndiye pia aliyeipeleka Twiga Stars Morocco tulikoanzia. Ni kweli, na ninamheshimu kocha Shime kuliko wengi wanaomshangilia. Sitaki mwanaume afukuzwe kwenye benchi la wanawake. Lakini Shime anampokea msichana aliyekwisha kuvuka vikwazo vyote. Mimi nawazungumzia wale ambao hawajawahi kumfikia Shime, walioishia chini ya mwembe. Hao hawapotei kwa kukosa mbinu za kushambulia. Wanapotea wakiwa na miaka 13, 15, 17, mahali ambapo timu ya taifa haina jicho.

Na huku kwetu ndiko wanakopotea wengi. Mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalipofanyika kitaifa hapa Mtwara mwaka 2019, na tena 2021, mji ulijaa watoto wa mikoa yote. Tuliwaona wasichana wakipiga mpira hata wauza korosho za kukaanga wakasahau wateja. Kisha mashindano yakaisha. Binti wa kidato cha nne anafanya mtihani Novemba, katikati ya msimu wa korosho, anarudi nyumbani kuokota, na hakuna anayemuuliza tena habari za mpira. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na tangu hapo JKT Queens na Simba Queens wamekuwa wakipokezana kombe. Kwa msichana wa Liwale, ligi hiyo ni nauli ya basi, ndugu wa kufikia Dar es Salaam, na baba wa kuruhusu. Wachache huenda. Baadhi hupata timu. Wengine hurudi baada ya msimu mmoja au miwili, goti linauma, na maarifa yote waliyoyapata yanakaa nao jikoni.

Kwa wanaume hali ni tofauti, na hapo ndipo ninapoumia. Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu kati ya 2014 na 2020, na Namungo ya Ruangwa ilipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, mpira uliwaachia wanaume wa Kusini kitu. Aliyecheza hata mchangani tu kwa jina kubwa huitwa kocha akipita barazani, hupewa timu ya mtaa, siku moja hujikuta kwenye kozi. Mwanamke aliyerudi kutoka Dar na jezi ya ligi kuu kwenye begi hakuna anayemwita kocha.

Kwamba inawezekana tunaona hapahapa nchini. Esther Chabruma aliivaa jezi ya Twiga Stars, na baadaye akaja kuwa kocha wa JKT Queens. Alikuwa na mahali pa kuendelea kusimama, kama Ellis alivyokuwa napo Cape Town. Ulaya pia, kocha Sarina Wiegman, aliyebeba ubingwa wa Ulaya na Uholanzi mwaka 2017, kisha na England mwaka 2022 na 2025, alikuwa mwalimu wa michezo shuleni wakati anacheza. Mwalimu wa shule! Sisi tuna chuo cha ualimu hapa mjini, tuna wasichana wanaosomea humo ambao walicheza UMISSETA miaka michache iliyopita. Hao hawahitaji kutafutwa mbali.

Ningependa kuona kozi ya ukocha ya ngazi ya chini ikifanyika Mtwara au Lindi mjini, kati ya Machi na Julai, kabla msimu wa kuokota korosho haujamshika mtu. Nafasi kadhaa ziwekwe kwa wanawake waliocheza, ada ilipwe na halmashauri. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na ada ya wanawake watano haiwezi kuzishinda. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Akimaliza, asipewe timu peke yake na kuachwa azame. Awekwe msaidizi wa yule mwalimu wa kiume mwenye filimbi, kwa posho hata ndogo, ili aweze kumwambia mume wake kwamba anakwenda kazini. Neno hilo, kazini, lina uzito mkubwa nyumbani kuliko wanavyofikiri wanaopanga bajeti.

Mwaka jana nilipita Mikindani jioni, nikasimama kuangalia wasichana wa shule wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa mchanga. Pembeni alikuwa amesimama mama muuza samaki, ndoo tupu iko miguuni, kanga imefungwa kiunoni. Kiungo mmoja, binti mwembamba, alikuwa kila akipasiwa mpira anaunyang'anywa. Mwalimu alimfokea aongeze nguvu. Yule mama akapaza sauti, "Nguvu ya nini, mwanangu? Tazama nyuma kabla haujakufikia!" Mpira uliofuata binti aligeuza shingo, akamwona aliyekuwa anamjia, akaupitisha upande wa pili kwa mguso mmoja, akabaki huru.

Mwalimu alisimamisha mazoezi akamfuata. Nilimsikia akimuuliza, shikamoo kwanza, mama alicheza wapi. Alitaja timu moja ya Dar es Salaam na miaka aliyokuwa huko, kwa sauti ya chini kama anayetaja deni. Mwalimu akamuuliza kama kesho atakuwepo. Akasema atakuwepo, ila baada ya saa kumi, samaki wakiwa wameisha.